Jina la Hira kwenye Kadi ya Marehemu

Kwa uliyeikosa wiki iliyopita, nakupa kwa pumzi moja halafu tuendelee.

Mehdi kafa. Yule Mehdi mcheshi, mpakia mizigo wa Malton kule jirani na uwanja wa ndege, moyo ulimsimama akiwa kazini, glavu bado mkononi. Kamwacha mama yake, Bi Almas, na mdogo wake Hira, ambaye ni yeye mwenyewe aliyemvuta kutoka Tanga mpaka Toronto. Mke hakuacha. Mtoto hakuacha.

Msikitini, kabla jeneza halijanyanyuliwa, ikatangazwa kama ilivyo ada yetu: mwenye kumdai marehemu asimwachie mzigo kaburini, amwone dada yake Hira. Hira mwenyewe ndiye aliyeomba jina lake litajwe. Alikuwa upande wa wanawake, nyuma ya pazia, akalisikia likipita juu ya vichwa vya watu.

Hakujitokeza hata mmoja. Watu wakasema, kijana kaondoka mwepesi.

Hapo ndipo tulipoachana. Yanayofuata Hira kanipa ruhusa niyaseme yote, hata yale anayoyaonea haya. Basi shikeni mioyo, maana mwenye kudai alikuwepo. Ila yeye si wa kuja msikitini.

Nyumba wanayoishi, ghorofa ya tisa huko Scarborough, ilikodiwa kwa jina la Mehdi peke yake. Na sheria ya huku haina mchezo. Mpangaji akifa, mkataba wake nao unakufa baada ya siku thelathini. Mama na dada hawahesabiki kuwa wapangaji. Wakitaka kubaki, waombe upya kama watu waliotoka barabarani.

Sheria inahesabu thelathini. Sisi tunahesabu arobaini.

Na Bi Almas alishasema mapema. "Chumba cha mwanangu sitoki kabla ya arobaini yake. Anayetaka kunitoa alete machela." Ukimjua Bi Almas, utajua machela ingehitajika kweli.

Hira akajaza maombi kwa jina lake. Jumatatu akaitwa ofisini, chini.

Anayesimamia ofisi ya jengo ni Gina, Mgoa wa Nairobi, mtu mzima, msalaba mdogo shingoni. Kahamia huku zamani sana. Kiswahili chake kimekaa kwenye friji miaka mingi lakini hakijaharibika.

"Keti, mama. Nikupe chai?"

"Asante, nimeshakunywa."

"Hujakunywa. Uso yako inasema hujakunywa hata maji." Akamimina bila kungoja jibu. "Pole tena kwa ndugu yako. Alikuwa ananiita Sista, wajua? Mimi na watoto watatu, ananiita Sista."

Hira akacheka. Cheko la kwanza tangu msiba. Gina akamwacha alimalize, ndipo akasema.

"Maombi yako imerudi. Wamekataa."

"Wamekataa kwa nini? Kazi ninayo. Si nilileta karatasi za mshahara kutoka kule nyumba ya wazee ninakofua mashuka?"

"Kazi iko sawa. Shida ni kredit."

Wewe uliye Tanga au Mwanza, nikueleze hapa. Huku kuna kampuni kazi yake ni kuandika tabia yako ya kulipa. Kama vile mwenye duka wa mtaani anavyojua nani hulipa na nani huzunguka nyuma ya nyumba asipite mbele ya duka. Ila huyu mwenye duka anajua nchi nzima, na ukitaka chumba, gari, hata laini ya simu, anaulizwa yeye kwanza.

"Mimi sidaiwi popote, Gina. Hata simu yangu naiwekea salio mwenyewe."

Gina akageuza kompyuta yake. "Ona hii. Kadi ya mkopo. Imejaa karibu mpaka juu. Na hapa amechelewa kulipa. Na hapa tena. Na hapa."

"Mimi sina kadi."

"Jina yako iko. Lakini ona hii alama. Inasema wewe si mwenye kadi. Mwenye kadi ni mtu mwingine, wewe alikuidhinisha tu utumie."

Hira hakuuliza ni nani. Alishajua.

Wiki ile ya kwanza kabisa kufika Toronto, mizigo yake haijafunguliwa hata, Mehdi alimkalisha kitako. "Huku bila kredit wewe ni mzimu, Hira. Unapita, hawakuoni. Nimewaomba benki wakuandike kwenye kadi yangu. Mimi nikilipa vizuri, na wewe inaandikwa umelipa vizuri. Kadi itakuja kwa posta, itupe huko kabatini, wala usiiguse. Panda tu mgongoni kwangu mpaka upate miguu yako."

Ikaja. Akaiweka kabatini na bahasha yake, hakuigusa.

Kumbe mgongo wenyewe ulikuwa umevunjika, na aliyeubeba hakusema.

"Sikiza," Gina akasema kwa sauti ya chini, mlango uko wazi. "Lete kitu yoyote kutoka benki inasema jina yako imetolewa kwenye hiyo kadi. Hata barua pepe. Nitaipeleka juu mimi mwenyewe na nitapiga kelele. Lakini mwisho Ijumaa. Ikipita Ijumaa nyumba inatangazwa, na mimi sina la kufanya."

Hira akapanda juu. Bi Almas alikuwa amekaa kwenye kitanda cha Mehdi na tasbihi yake.

"Wamesemaje huko chini?"

"Wanashughulikia, Mama."

"Na msikitini? Hajapiga mtu kusema anamdai?"

"Hajapiga mtu."

Bi Almas akavuta punje moja ya tasbihi. "Namshukuru Mungu. Mtu akifa na deni, nafsi yake inaning'inia, haiendi huku wala kule. Mwanangu kapita. Hili ndilo linalonilaza usingizi, Hira. Mengine yote nimeshindwa nayo."

Hebu wewe niambie, ungemwambia?

Hira hakumwambia.

Kesho yake alibeba nguo za Mehdi za kazini akateremka chumba cha mashine za kufulia. Akazitia ndani ya mashine, akaiwasha, akakaa chini kwenye sakafu akalia vizuri, maana mashine zile zina kelele, zinakusitiri.

Akaingia Dative na kapu la nguo za watoto.

Dative ni Mkongomani wa Uvira, anakaa ghorofa ya sita, na alikuwa akifanya kazi pamoja na Mehdi kule Malton. Mkubwa wa mwili, mkubwa wa sauti. Akaweka kapu chini, akakaa sakafuni naye.

"Bon. Unalilia nyumba ao unalilia kaka?"

"Sijui tena tofauti, Dada Dative."

Akamweleza yote. Kadi, kuchelewa, Ijumaa. Akaitaja na ile miezi aliyoiona kwenye kompyuta ya Gina.

Dative akaanza kuihesabu ile miezi kwa vidole, akaacha katikati. Na Dative si mtu wa kuacha jambo katikati.

"Nini?" Hira akauliza.

"Alituomba tusiseme."

"Sasa yeye hayupo. Sema."

"Ile miezi walimukatia zamu. Mizigo ilipungua, wakapunguza watu. Lakini yeye alikuwa anakuja tu kila asubuhi, na chakula mama alimufungia. Anakaa mu kantini. Anangojea kama kuna mutu hakukuja, achukue nafasi yake. Siku ingine anapata. Siku ingine anakula ile chakula pale pale, peke yake, anarudi nyumbani saa ile ya kutoka kazi."

Mashine ikazunguka. Ndani yake zile jaketi za Mehdi za manjano zinapanda na kushuka.

"Alikuwa akirudi anasema kachoka," Hira akasema. "Tunamkanda mabega."

"Alichoka kweli. Kungojea kunachokesha kushinda kubeba."

Halafu Dative akajipangusa macho kwa soksi ya mtoto, akarudi kwenye sauti yake.

"Sasa unisikilize. Ile kadi haiko yako, na deni haiko yako. Mimi bwana yangu wa zamani aliniandika kwa kadi yake vile vile, akaiharibu, nikachafuka naye. Si kadi zote zinapeleka jina la mutumiaji kwa ile ripoti, lakini yangu ilipeleka, na yako imepeleka. Nilipiga simu kwao, nikasema mimi natoka. Wakanitoa. Kisha nikaandikia wale wa ripoti wafute ule mustari, sababu haikuwa deni yangu. Wakafuta. Ni vile tu."

"Nimtoke Bhai Mehdi, kaka yangu? Nilitangaza mbele ya watu, mwenye kumdai aje kwangu."

"Benki ilikuwa mu musikiti?"

Hira akafuta pua kwa mkono wa gauni.

"Kumulipia kaka ni kitu ingine," Dative akasema. "Umulipie pole pole, hata miaka kumi, nani atakukataza? Lakini kuandikwa kama weye ndo ulishindwa kulipa, na mama analala inje, hiyo haimusaidie kaka. Toa jina. Wekesha mama mu nyumba. Kisha ulipe." Akasimama, magoti yakamlia. "Na kufa kwake umewaambia benki?"

"Si wanajua?"

"Nani amewaambia?"

Jamani. Tanga mtu akifa alfajiri, mpaka adhuhuri mji mzima unajua, mpaka muuza kahawa. Hira alikuwa ameandikisha kifo serikalini, karatasi zina mihuri, na moyoni mwake aliamini habari imeshafika kila panapohusika. Hakuna aliyemwambia kwamba huku lazima uende mlango hadi mlango ukimuua ndugu yako upya.

Alhamisi ndipo alipopata nafasi kazini. Akajificha kwenye stoo ya mashuka, akawapigia benki.

Akapokea Shannon, wa kitengo cha waliofariki. Ndiyo, wanacho kitengo hicho. Walisema kwa Kiingereza, mimi nakuletea kwa chetu. Shannon sauti yake nzuri, haina haraka. Akatoa pole, na ilikuwa pole ya kweli. Akachukua jina, akachukua tarehe ya kifo. Hira akaeleza, yeye aliandikwa tu, kadi hajawahi kuitumia, anaomba jina lake litolewe.

"Hilo si gumu," Shannon akasema. "Wewe huwajibiki na deni lililoachwa na kaka yako. Linadaiwa kwenye mali yake, kama ipo. Nakutoa sasa hivi na nakutumia barua ya kuthibitisha."

Hira akaegemea yale mashuka. Yalikuwa bado na joto la mashine.

"Subiri kidogo," Shannon akasema.

Akasubiri.

"Umesema tarehe ya kifo ni hii?"

"Ndiyo hiyo."

"Kadi imetumika baada ya hapo. Alhamisi iliyopita. Na Alhamisi ya kabla yake. Na leo asubuhi."

"Imetumika wapi?"

"Duka la nyama. Duka la mchele na viungo. Yote hapo hapo Scarborough. Wewe ndiye mtu pekee aliyeidhinishwa. Na ruhusa yako ilikwisha siku aliyofariki. Ni wewe?"

"Si mimi."

"Unamjua ni nani?"

"Simjui."

"Basi sina budi kuifungia kadi na kulifungua jambo hili kama udanganyifu. Mpaka lichunguzwe, jina lako siwezi kuligusa. Huchukua wiki kadhaa."

"Mimi nina mpaka kesho."

"Naelewa. Pole." Na alielewa, ndiyo ubaya wake. "Nakupa namba yangu ya moja kwa moja. Ukijua ni nani, nipigie. Kama ni jambo la kifamilia, tutaliandika kama la kifamilia, lakini aliyetumia lazima aseme mwenyewe."

Njia nzima kwenye basi Hira alikuwa anamwinda mwizi kichwani. Nani wa hospitali alipokea nguo za Mehdi? Nani alishika pochi? Kuna mtu anakula nyama kwa jina la maiti, mtu gani huyo, kazaliwa na nani? Mara kaazimia kwenda yeye mwenyewe kwenye hilo duka la nyama aulize sura ya mtu huyo. Alikuwa na hasira, na hasira ilimfaa, maana ilimsahaulisha kulia.

Akafungua mlango wa nyumba. Harufu ya pilau ikampiga usoni.

Bi Almas alikuwa jikoni, sufuria kubwa, ile waliyoazima msikitini. Jioni wanawake wanakuja kumsomea Mehdi Kurani, kama kila usiku wa kuamkia Ijumaa. Hira alikuwa akidhani chakula kinaletwa na wanawake wenyewe. Hakuwahi kuuliza. Kila Alhamisi akirudi kazini anakikuta kimeshaiva, anapakua, anaosha vyombo.

Akasimama pale mlangoni mwa jiko na koti lake.

"Mama. Pochi ya Bhai iko wapi?"

"Mkobani kwangu. Waitakia nini?"

"Na kadi yake?"

"Humo humo. Si ndiyo niliyonunulia nyama asubuhi?" Akanyoosha mwiko. "Hebu onja chumvi, ulimi wangu siku hizi haunambii kitu."

Hira akaonja. Nyie, alionja. Mtu akikupa mwiko unaonja.

"Imetosha," akasema.

"Nagusa tu pale kwenye kimashine, kinalia ti, na yule kijana ananambia shukran, Mama. Hakuna kuandika, hakuna kuulizana. Nchi hii ina raha zake."

"Kwa nini hukuniambia, Mama? Ningekupa hela mimi."

"Hela yako ni thawabu yako." Bi Almas akafunika sufuria, akakaa kwenye kigoda. "Mtu akifa, wanawe wanamtolea. Mkewe anamtolea. Mehdi ana nani? Nikitoa yangu mimi, hiyo ni ya Almas. Nilitaka ya kwake mwenyewe, itoke mfukoni mwake, imfikie bila kupita kwa mtu. Ndipo waliponipa pochi yake hospitali, nikaona, kumbe kaacha kitu." Akatabasamu, na Hira anasema hakuwa ameliona tabasamu lile tangu msiba. "Kila nikigusa kile kimashine nasema, bismillah, huu ni mkono wako Mehdi. Lisha watu, baba."

Sasa hapo ungesema nini?

Ungesema, Mama, kadi si akiba. Ungesema, ile nyama ni deni. Kila ilipolia ti, ulikuwa unamwongezea mwanao kilo ya kile kile unachoshukuru Mungu hakuondoka nacho.

Hira alifungua mdomo. Kengele ya mlango ikalia.

Wanawake wakaingia, wakasoma, wakalia, wakala. Mmoja wao, mama wa Kizanzibari mwenye miwani, akalamba vidole akasema, "Mehdi huyu mkono wake ulikuwa wazi akiwa hai, na bado u wazi." Bi Almas akainama kwa furaha. Wakamsogezea Hira sahani. Akameza tonge la kwanza, akameza la pili. La tatu akaliacha sahanini. Akaenda bafuni akafungulia maji ya bomba mpaka mwisho.

Ijumaa ikafika. Asubuhi, theluji nyepesi, Hira kavaa koti yuko kwenye baraza ya ghorofa ya tisa, mlango wa kioo kauvuta nyuma yake. Kashafikiri. Njia ziko mbili na zote zina miba.

Akisema ni Mama, benki watataka kusema na Mama. Na wakisema naye, lile neno deni litatajwa. Jina la Hira litasafishwa, nyumba wataipata, na ndani ya nyumba hiyo Bi Almas atakaa juu ya kitanda cha mwanawe akijua Mehdi kaning'inia, na kamba kaivuta yeye.

Akisema ni yeye Hira, basi kwaheri nyumba. Arobaini haitafanyikia humu. Lakini mama yake atahama akiwa na mtoto aliyepita salama.

Akapiga. Mikono ina baridi, simu haishikiki sikioni, akaiweka sauti ya wazi.

"Shannon, ni Hira. Nimepiga kukwambia aliyetumia kadi. Ni mimi."

"Hira, jana niliuliza ukasema si wewe. Mazungumzo yale yamerekodiwa."

"Niliogopa. Ni mimi niliyenunua. Nyama, mchele, vyote."

"Nikiandika hivyo, naandika umetumia kadi ya marehemu, halafu ukaidanganya benki. Hilo halitakaa kwenye kadi hii tu. Litakufuata." Akashusha sauti, kama mtu anayeogopa kusikiwa na mkubwa wake. "Nakuuliza mara moja tu zaidi, kabla sijaandika. Ni wewe?"

"Ni mimi."

"Si yeye," ikasema sauti nyuma yake.

Mlango wa kioo ulikuwa wazi. Bi Almas kasimama na kikombe cha chai, khanga kichwani, miguu mitupu kwenye ule ubaridi.

Na hapa nikukumbushe kitu ambacho hata Hira alikuwa anakisahau. Huyu mama kasomeshwa na masista wa Kizungu. Kiingereza chake ni cha zamani, cha polepole, na hakina kosa hata moja.

"Mama, rudi ndani, utapata baridi."

"Wamwambia nani umenunua nyama? Nyama kanunua mama yako." Akamshikisha Hira kikombe mkono wa kushoto, akasogeza mdomo kwenye simu iliyo mkono wa kulia. "Binti, habari ya asubuhi. Mimi ni mama yake Mehdi. Kadi nimetumia mimi, mwanangu huyu hahusiki. Kama kuna kosa, liandike kwangu."

"Asante, mama," Shannon akasema, na pumzi yake ikasikika ikishuka. "Hiyo inanisaidia sana. Na pole kwa mwanao. Nikiandika hivi, jina la Hira naweza kulitoa leo hii."

Leo hii, nyie. Gina yuko chini anangoja. Nyumba ile pale.

"Lakini kabla hujaandika," Bi Almas akasema, "nijibu na mimi. Kwa nini binti yangu ajisingizie kosa kwa ajili ya nyama? Ile pesa si ilikuwa ya mwanangu?"

Upande wa pili zikasikika simu nyingine zikilia.

"Binti? Ilikuwa yake, au haikuwa yake?"

"Mama," Shannon akaanza, taratibu, "kadi ya aina hii..."

Kidole gumba cha Hira kikateleza chenyewe mpaka juu ya kile kitufe chekundu cha kukata simu. Akikata, jibu halitasikika. Na jina lake halitatoka, na chini Gina ataitangaza nyumba. Asipokata, sentensi ile itamalizika.

Bi Almas hakuwa anaitazama simu tena. Alikuwa anakitazama kile kidole.